Vita vya uhuru vilipofika shambani

Tarehe 31 Mei 1779, vita vya uhuru wa Marekani vikiwa vimeingia mwaka wa tano, George Washington alimwandikia jenerali wake John Sullivan amri ya kwenda kuwapiga wenyeji wa kaskazini, kwenye nchi ambayo leo ni sehemu ya jimbo la New York. Makazi yao yateketezwe yote, aliagiza, na wakamatwe mateka wengi kadiri itakavyowezekana, wa kila umri, wanaume kwa wanawake. Halafu kuna sentensi moja ambayo mtu aliyekulia shambani hawezi kuipita hivi hivi: itakuwa muhimu kuyaharibu mazao yao yaliyomo ardhini sasa, na kuwazuia wasipande mengine.

Mazao yenyewe yalikuwa mahindi. Na Washington ndiye huyu wa noti ya dola moja, katika vita vile vile tunavyoambiwa vilipiganwa kwa ajili ya uhuru, kodi na chai. Historia ya Marekani tuliyoibeba wengi wetu huanza na Columbus, ikaruka karibu miaka mia tatu ikatua bandarini Boston, kisha Azimio la Uhuru, basi, nchi imezaliwa. Wenyeji huonekana mwanzoni wakiwa wamesimama ufukweni wakishangaa meli, halafu hupotea. Mimi nataka kuisimulia kwa kufuata punje ya mahindi, maana ukiifuata punje huwezi kuwapoteza njiani.

Mahindi hayakuokotwa porini. Yalitengenezwa. Miaka kama 9,000 iliyopita, katika bonde la mto Balsas kusini-magharibi mwa Mexico, wakulima walianza kuchagua mbegu za nyasi moja iitwayo teosinte. Suke la teosinte ni dogo kuliko kidole, lina punje chache tu, na kila punje imefungiwa ndani ya ganda la kuvunja meno. Kizazi baada ya kizazi watu wale walibakiza suke nene zaidi na punje laini zaidi, hadi likapatikana hindi tunalolijua, lenye mamia ya punje juu ya gunzi moja, limevikwa maganda yake. Gharama ikawa kwamba hindi lilipoteza uwezo wa kujipanda. Likianguka chini lilivyo, punje huota kwa pamoja, miche inasongana na kufa. Lazima awepo mtu wa kulimenya, kulipukuchua na kulifukia. Kwa hiyo shamba la mahindi, popote utakapolikuta duniani, ni ushahidi kwamba pana watu, na watu hao walikuwepo msimu uliopita pia.

Kutoka Mexico mbegu ilipanda kaskazini taratibu mno. Ilifika kusini-magharibi mwa Marekani ya leo yapata miaka 4,000 iliyopita, lakini upande wa mashariki haikuwa chakula kikuu hadi karibu na mwaka 1000 wa kalenda yetu. Karibu na mahali mito ya Mississippi na Missouri inapokutana, ng'ambo ya jiji la St. Louis la sasa, mahindi yalilisha mji wa Cahokia. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1050 na 1200 palikaa watu 10,000 hadi 20,000 pale. Walijenga vilima vya udongo kwa kubeba vikapu mgongoni, na kilima kikubwa kuliko vyote kina kimo cha mita 30 hivi, na kipo hadi leo. Cahokia ilishahamwa na watu wake zaidi ya miaka mia moja kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Yaani nchi ile ilikuwa na miji iliyoinuka na kuanguka kwa sababu zake yenyewe, bila Mzungu kuhusika. Najua hilo linamsumbua anayependa wenyeji wawe watoto wa asili wasio na makosa wala siasa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Huku kwetu mahindi yalifika baadaye sana, na mara nyingi wanatajwa Wareno kuwa ndio walioyaleta pwani. Mihogo, karanga, nyanya, viazi vitamu, mananasi, pilipili na maharage haya tunayounga kwa nazi, vyote asili yake ni huko Amerika. Ugali wa mahindi kuushinda ule wa mtama na ulezi ni mambo ya karne iliyopita kwa sehemu kubwa ya bara. Mimi nimekulia Mbozi, na mama yangu hupanda mahindi, akaingiza maharage katikati, na maboga yakatambaa chini kuzuia magugu. Alipowahi kuniona nasoma habari za Wahaudenosaunee nikamweleza kwamba nao walipanda vile vile, vyote vitatu kwenye tuta moja, maharage yakikwea bua la hindi, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu walikuwa wanapalilia mara ngapi.

Wahaudenosaunee ndio hao Washington aliowapelekea jeshi. Wafaransa waliwaita Iroquois. Lilikuwa shirikisho la mataifa matano, Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga na Waseneca, na mnamo 1722 Watuscarora waliofukuzwa kusini wakaongezeka wakawa sita. Walikuwa wamefungamana kwa katiba iliyohifadhiwa kwa mdomo na kwa mikanda ya shanga za kombe, Sheria Kuu ya Amani, inayosimuliwa kuwa ililetwa na Mpatanishi akisaidiwa na Hiawatha. Baraza la pamoja lilikaa Onondaga, ambako moto wa shirikisho uliwashwa. Ukoo ulifuata mama. Mama wakuu wa koo ndio waliomteua chifu, na ndio waliomvua akiharibu. Mashamba yalikuwa ya wanawake, nyumba ndefu walizokaa familia nyingi pamoja zilikuwa za wanawake, na chakula cha msafara wa vita kilitoka kwenye ghala walizozisimamia wao. Mwanamume akitaka vita ambavyo akina mama hawavitaki, aende na njaa yake.

Sasa Mwingereza alipofika alimwona mwanamke na jembe, mwanamume na upinde, akahitimisha kwamba wanaume hawa ni wavivu, wake zao ni watumwa, na ardhi hailimwi ipasavyo. Kwake mkulima alikuwa mwanamume mwenye plau, ng'ombe na uzio. Hitimisho hilo lilitumika kisheria: ardhi isiyozungushiwa uzio ilihesabiwa kuwa haina mwenyewe.

Ila njaa haikungoja sheria. Mei 1607 Kampuni ya Virginia ilishusha wanaume na wavulana 104 mahali walipopaita Jamestown, kwenye nchi ya Tsenacommacah, ambako makabila kama 30 yalikuwa chini ya mkuu Wahunsenacawh, maarufu kwa jina la Powhatan. Walikuja kutafuta dhahabu. Kulima hawakujali sana. Bahati mbaya, kwao na kwa wenyeji wao, walikuwa wametua katikati ya ukame mkali: pete za miti ya kale zinaonyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa mibaya kuliko kipindi chochote kinachofanana nacho kwa karne nyingi. Kila walipokwenda kununua mahindi kwa shanga na shaba, walikuwa wanamwomba mtu auze akiba yake mwaka wa njaa. Akikataa, walichukua kwa bunduki. Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610, Wapowhatan waliizingira ngome, na kati ya mamia ya watu waliokuwemo wakabaki kama 60. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba fuvu la msichana wa miaka 14 hivi lililofukuliwa pale lina alama za kisu cha mtu aliyekuwa anatoa nyama.

Kiangazi kilichofuata Waingereza walilipiza. Agosti 1610, George Percy, mmoja wa viongozi wa Jamestown, aliongoza kikosi hadi mji wa Wapaspahegh, kabila mojawapo chini ya Powhatan, wakaua, wakachoma nyumba, wakafyeka mahindi. Walimchukua mke wa mkuu wao na watoto wake, na wakiwa mashuani kurudi watoto wale wakatupwa majini na kupigwa risasi. Haya aliyaandika Percy mwenyewe, kwa mkono wake. Nayataja kwa sababu 1779 inahesabiwa mara nyingi kuwa jambo la hasira ya vita, la mara moja. Kumbe kufyeka mahindi lilikuwa somo la mwanzo kabisa la ukoloni wa Kiingereza pale, hata miaka minne walikuwa hawajamaliza. Na baada ya shambulio la Opechancanough, kiongozi wa Wapowhatan, la Machi 1622, lililoua walowezi 347, Virginia iliufanya kuwa utaratibu: wanasubiri mahindi yakaribie kukomaa, ndipo wanakwenda.

Kilichoiokoa koloni ile ni zao jingine la wenyeji, tumbaku. John Rolfe alipanda aina tamu zaidi iliyotoka nchi za Kihispania kusini, na ndiye aliyemwoa Pocahontas, binti Powhatan, mwaka 1614. Binti huyo alifia Gravesend, Uingereza, mwaka 1617. Tumbaku ilileta fedha, na ikaleta njaa ya aina nyingine, kwani huchosha udongo kwa miaka michache na kumlazimu mwenye nayo atafute ardhi mpya, tena inataka mikono mingi. Mwishoni mwa Agosti 1619 meli ya White Lion ilitia nanga Point Comfort na kuuza Waafrika ishirini na kidogo, walioporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Wengi wao wanaaminika walitekwa katika vita dhidi ya ufalme wa Ndongo, watu wa Kimbundu, lugha ya Kibantu kama yetu. Wiki chache kabla, mwishoni mwa Julai mwaka ule ule, wawakilishi wa walowezi walikuwa wamekaa kanisani Jamestown kufungua baraza la kwanza la kutunga sheria. Mwaka 1662 baraza hilo lilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, mama akiwa mtumwa na mtoto ni mtumwa, hata baba awe nani. Wahaudenosaunee walifuata ukoo wa mama ili mtoto apate jina na shamba. Virginia ilifuata upande huo huo ili mtoto apate bwana.

Habari za Plymouth, koloni jingine la Waingereza kaskazini zaidi, zinajulikana zaidi kwa sababu Wamarekani huzila na bata mzinga kila Novemba, kwenye sikukuu yao ya Shukrani, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Novemba 1620, kabla hata hawajachagua mahali pa kukaa, watu wa meli ya Mayflower walifukua kwenye mchanga wa Cape Cod kikapu cha mahindi kilichofukiwa na wenyewe, wakaondoka nayo, wakiandika kwamba wananuia kulipa. Mbegu ile ndiyo waliyoipanda. Aliyewafundisha kuipanda, kwa kufukia samaki kwenye tuta, ni Tisquantum, mtu wa kijiji cha Patuxet aliyetekwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614, akauzwa Málaga, Hispania, akafika London, akarudi kwao 1619 kukuta kijiji kizima kimekufa kwa ugonjwa ulioletwa na meli. Plymouth ilijengwa juu ya mashamba ya marehemu wake. Chifu Ousamequin wa Wawampanoag alifanya nao mkataba wa amani. Mwanawe Metacom aliingia vitani nao mwaka 1675, akauawa Agosti 1676, na kichwa chake kikasimikwa juu ya mti Plymouth kwa zaidi ya miaka ishirini. Jumla ya urafiki na uadui wote huo ni miaka 56.

Turuke hadi 1763, maana hapo ndipo kodi na mahindi vinapokutana. Uingereza imewashinda Wafaransa katika vita vya miaka mingi, imerithi nchi yote hadi mto Mississippi, na imezama kwenye madeni. Mwaka huo huo chifu Pontiac na washirika wake wanateka ngome moja baada ya nyingine eneo la Maziwa Makuu ya huko. London inapiga hesabu na kuona vita vya mipakani ni ghali. Basi tarehe 7 Oktoba 1763 Mfalme George wa Tatu anatangaza kwamba walowezi wasivuke milima ya Appalachia, ardhi ya magharibi ni ya wenyeji, na asiyekuwa wakala wa mfalme haruhusiwi kuinunua. Kodi ya stempu ya 1765 ilitungwa kusaidia kulipia askari waliowekwa huko.

Tunazisikia sana kelele za kodi. Kelele za ardhi tunazisikia kidogo, ingawa waliozipiga ni watu wale wale. Washington alikuwa mpima ardhi tangu ujana wake na mnunuzi wa ardhi maisha yake yote. Mwaka 1767 alimwandikia rafiki yake William Crawford amtafutie viwanja vizuri ng'ambo ya mstari wa mfalme, kimya kimya, akisema tangazo lile analiona kuwa hila ya muda tu ya kutuliza akili za Wahindi Wekundu. Miaka minne tu ilikuwa imepita. Azimio la Uhuru la Julai 1776 linamlaumu mfalme kwa kuweka masharti magumu ya kupata ardhi mpya, na lawama ya mwisho kabisa katika orodha yake ndefu, baada ya zote za kodi na majeshi, ni kwamba amewachochea dhidi yao washenzi wa Kihindi wasio na huruma. Ndiyo, hati ile ile inayosema watu wote wameumbwa sawa. Kwa wale ndugu zangu wa mitandaoni wanaopenda kuinukuu nusu ya kwanza, waendelee kusoma hadi chini.

Na chai? Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773 wanaume waliotupa makasha 342 ya chai bandarini Boston walijipaka masizi na kujifunika mablanketi, wakijifanya Wamohawk. Mwenyeji wa bandia alikuwa nembo nzuri ya uhuru. Wamohawk wenyewe, wakati huo huo, walikuwa wanapoteza mashamba yao bondeni kwa wapimaji na hati za ujanja.

Vita vilipoanza 1775, pande zote mbili ziliwaambia Wahaudenosaunee wakae pembeni, hiki ni kisa cha baba na mwana. Halafu pande zote mbili zikaanza kuwabembeleza. Thayendanegea, Mmohawk ambaye Waingereza walimwita Joseph Brant, alikwenda hadi London, akarudi akiamini kwamba mfalme, pamoja na dosari zake, ndiye aliyechora mstari wa 1763, na waasi ndio waliokuwa wanauvuka. Waoneida na Watuscarora walio wengi waliwaunga mkono waasi, majirani zao. Januari 1777 ugonjwa uliua watu kadhaa wakubwa Onondaga, na moto wa baraza ukazimwa. Agosti mwaka huo, huko Oriskany, Waoneida na Waseneca waliuana msituni kwa niaba ya Wazungu wa pande mbili. Waoneida pia husimulia kwamba 1778, jeshi la Washington likiwa hoi kambini Valley Forge, watu wao walitembea kilomita mamia kuwapelekea mahindi, na mwanamke wao Polly Cooper akabaki kuwaonyesha askari namna ya kuyapika, maana mahindi yale meupe makavu ukiyala bila kuyaandaa yatakuumiza tumbo. Wahaudenosaunee huyachemsha kwa majivu ya kuni hadi ngozi ya punje iachie, kisha huyasuuza kwenye kikapu. Anayejua kuweka magadi kwenye kande atawaelewa, ingawa majivu yao hufanya na kazi nyingine: huachilia vitamini ambayo mlaji wa mahindi matupu huikosa akaugua pelagra. Wazungu waliichukua mbegu, hawakujali majivu, na pelagra ikawatesa walaji mahindi wa Ulaya na baadaye wa kusini mwa Marekani kwa muda mrefu.

Mwaka 1778 Waseneca na wafuasi wa mfalme walishambulia makazi ya Wyoming huko Pennsylvania, kisha, safari hii Brant akiwemo, Cherry Valley huko New York. Cherry Valley waliuawa wanawake na watoto, na hilo halina utetezi. Jibu la Washington likawa ile barua ya Mei.

Sullivan alipanda mto Susquehanna kutoka kusini. James Clinton alitoka kaskazini kwa mashua: aliziba mdomo wa ziwa Otsego kwa bwawa, akasubiri maji yapande, kisha akalibomoa, na mashua zake zikashuka na mafuriko yaliyozamisha mashamba ya wenyeji pembezoni. Walipoungana walikuwa askari zaidi ya 4,000. Vita vya ana kwa ana vilikuwa kimoja tu cha maana, Newtown, tarehe 29 Agosti. Baada ya hapo wenyeji waliondoka mbele yao kijiji kwa kijiji, na jeshi likawa kundi la wafyekaji.

Shajara za askari wale zinasomeka kama ripoti ya bwana shamba aliyerogwa. Wanastaajabia urefu wa mahindi, mengine zaidi ya nusu mita hindi moja. Wanastaajabia maboga, maharage, matikiti, bustani za mipichi na mitufaa, nyumba za mbao zenye madirisha. Wanasifu, halafu wanakata. Sasa, mahindi mabichi hayashiki moto. Mtu yeyote wa shamba anajua hilo. Ilibidi wayakate kwa mikono bua kwa bua, wayatupe mtoni, au wayarundike ndani ya nyumba na kuchoma vyote kwa pamoja. Chakula chao wenyewe kilikuwa kimepungua, Sullivan aliwaomba wakubali nusu posho wakashangilia, kwa hiyo mchana waliteketeza mahindi na usiku waliyala. Yaliyokomaa mno hata hayafai tena kuchemshwa waliyakwangua kwenye masufuria ya bati waliyoyatoboa matundu, wakapata unga. Kwenye mji mkubwa wa Waseneca mtoni Genesee, katikati ya Septemba, walihesabu nyumba 128. Katika mji mmoja wa Wacayuga walikata mipichi kama 1,500. Taarifa ya Sullivan kwa Bunge ilitaja miji 40 na mahindi yanayokadiriwa kuwa busheli 160,000. Nimepiga hesabu kwa kipimo chetu: ni zaidi ya gunia 40,000 za kilo mia.

Mmoja wa waliorudi kwenye majivu yale ni Mary Jemison. Alizaliwa na Wazungu, akatekwa akiwa msichana, akalelewa kama binti wa Waseneca, akaolewa kwao na kukataa kurudi. Alisimulia mwaka 1823, akiwa mzee, kwamba jeshi lilipoondoka hakikubaki chakula hata cha kumtosha mtoto mmoja siku moja. Akabeba watoto wawili mgongoni, akawaambia watatu wamfuate, wakatembea hadi tambarare za Gardeau. Pale aliwakuta Waafrika wawili, watumwa waliowatoroka mabwana zao, wanaishi peke yao, na wana shamba la mahindi ambalo Sullivan hakulifikia. Bado halijavunwa. Walimpa kibarua cha kumenya na kusuka mahindi kwa ujira wa fungu moja katika kila kumi, na alipomaliza alikuwa amejipatia mafungu mia moja, sawa na gunia sita hivi za mahindi yaliyopukuchuliwa. Mmoja wa wale wanaume alisimama karibu naye muda wote akiwa na bunduki iliyojaa risasi, kumlinda asije akatekwa na Wahindi Wekundu. Jemison, ambaye alikuwa Mseneca kwa kila kitu isipokuwa damu, alisema amecheka peke yake mara elfu kila akimkumbuka yule mzee mwema.

Watoto wake walivuka baridi kwa mahindi ya watoro wawili. Wengine hawakubahatika. Wakimbizi kama 5,000 walirundikana nje ya ngome ya Waingereza Niagara, katika majira ya baridi makali kiasi kwamba hata bandari ya New York iliganda, na wengi walikufa kwa njaa na baridi. Waliopona hawakunyamaza. Mwaka 1780 Brant na wenzake walirudi mabonde ya Mohawk na Schoharie na kuchoma ngano ya walowezi. Kwa hiyo ukiuliza kama msafara wa Sullivan ulileta usalama mipakani, jibu ni hapana. Kilichopatikana ni kwamba askari 4,000 walitembezwa kwenye udongo mzuri kuliko wowote waliowahi kuuona, wakaupima kwa urefu wa mahindi yake.

Mkataba wa Paris wa 1783, uliomaliza vita, uliipa Marekani nchi yote hadi Mississippi bila kumtaja mwenyeji hata kwa neno moja. Mwaka uliofuata, Fort Stanwix, wajumbe wa Marekani waliwaambia Wahaudenosaunee: ninyi ni watu mlioshindwa. Ardhi ya Waonondaga na Wacayuga katikati ya New York ikagawiwa askari waliopigana, na miji ikapewa majina ya Kirumi na Kigiriki: Romulus, Ovid, Cicero, Homer. Waoneida, waliopeleka mahindi Valley Forge, walipoteza karibu yote kama wenzao, kwa mikataba ya jimbo la New York.

Desemba 1790 chifu wa Waseneca aliyejulikana kwa Kiingereza kama Cornplanter, Mpanda Mahindi, alimwandikia Washington ambaye sasa ni rais. Jeshi lako lilipoingia nchi yetu, alisema, tulikuita Mwangamiza Miji, na hadi leo jina hilo likisikika wanawake wetu hugeuka nyuma na kusawijika, na watoto wetu hung'ang'ania shingo za mama zao. Jina lenyewe halikuwa jipya, Washington alikuwa amepewa tangu ujana, na babu yake mkuu alikuwa nalo kabla yake.

Novemba 1794, Canandaigua, serikali ya Washington ilitia saini mkataba wa amani na Mataifa Sita, ikaahidi dola 4,500 za bidhaa kila mwaka. Kiasi hicho hakijapandishwa. Hadi leo serikali ya Marekani hupeleka kitambaa kwa ajili ya mkataba ule, na kwa bei za sasa fungu la kila mtu limekuwa kipande kidogo tu, lakini wenyewe wanakitaka hicho hicho kitambaa.